Nyumba ya Kamba Kiwanjani kwa Shangazi

Jumatatu, 6 Julai

Leo nimepewa kazi ambayo sijawahi kuifanya: kujenga nyumba ya kamba. Shangazi, dada yake marehemu baba, anataka kuvunja nyumba yake kubwa na kuweka nyumba tano ndogo zilizoshikana, tatu chini na mbili juu. Kabla kamati ya mipango miji haijaamua, mwenye kiwanja anatakiwa asimamishe nguzo na kuzungusha kamba, ili mtaa uone kwa macho jengo litafika wapi. Mimi kazi yangu ni majukwaa, yale ya mafundi kupandia wakipaka rangi ukuta mrefu. Mirunda, zile nguzo za majukwaa, ninayo, kamba ninayo, ngazi ninayo. Nikamwambia shangazi kazi hiyo asimpe mtu mwingine. Akasema hakuwa na mpango huo, ila nisimletee zile habari zangu za kesho kutwa.

Anaishi peke yake kwenye vyumba sita, anatumia viwili. Nyumba imeinuliwa juu ya msingi mrefu, mlangoni unapanda ngazi, na goti lake limeshakataa ngazi. Anachotaka ni mlango wa kuingia kwa kutembea, kama watu. Hicho tu.

Jumatano, 8 Julai

Nimemaliza! Mchoraji alinipa ramani na kuniambia vimo vyote vinaanzia kwenye sifuri. Nikamwambia asinifundishe sifuri, nimeanza kazi hii yeye yuko tumboni. Nikashika futi kamba, nikaanzia kwenye kizingiti cha mlango, maana sisi mafundi siku zote tunapima kuanzia sakafu, nikapanda. Kamba nyeupe pande zote, na kila kona nimefunga vitambaa vyekundu ili ionekane mpaka kule kwenye kituo cha mafuta. Upepo ukipiga, nyumba nzima inacheza. Nilisimama barabarani nikaitazama kama mtu aliyejenga kweli.

Alhamisi, 9 Julai

Mtaa umejaa. Hakuna anayepita bila kuinua kichwa.

Jumamosi, 11 Julai

Karani mstaafu anayepakana na shangazi tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Miaka yote nikimsalimia anaitikia kwa mgongo. Leo kanifuata mpaka getini kwangu, kanishika mkono, kaniambia, "Injinia, njoo uone ulichotufunulia."

Injinia! Nikaenda. Saa kumi alasiri kivuli cha kamba kinavuka ukuta wake, kinatambaa uani, kinapanda kwenye dirisha la sebule yake mpaka katikati ya kioo. Akaniweka kwenye kiti chake kizuri na kunionyesha kwa kidole. Kama kamba tu inafika pale, aliniuliza, ukuta wenyewe utafikaje? Madirisha ya juu yatamchungulia mpaka kwenye sahani yake. Walikuwepo msusi, mwenye duka la simu na mwenye mashine ya kusaga, na wote walinitazama mimi. Nikasema kwa kweli ni jengo refu. Sikumsema vibaya shangazi. Nilisema tu ni refu.

Chai ilikuwa na maziwa mengi.

Jumapili, 12 Julai

Nimeitwa Injinia na watu wanne. Mke wangu kasema wa tano hatakuwa yeye.

Jumanne, 14 Julai

Haya ya leo nayaandika polepole, maana sijui kama nitathubutu kuyasoma tena.

Upepo wa asubuhi uliangusha mrunda wa kona ya nyuma. Nikaenda kuusimamisha, na kwa kuwa nilitaka uende sawasawa nikaikunjua ramani na kuitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ile alama ya sifuri haiko kwenye kizingiti. Iko ukingoni mwa barabara. Nikachukua mpira wa maji, ule mpira mwembamba wa kupitisha usawa toka hapa hadi kule, ncha moja barabarani na nyingine kwenye msingi wa nyumba. Maji hayana upendeleo. Kizingiti cha shangazi kimeizidi barabara kwa kimo cha kiuno changu.

Maana yake nyumba yangu ya kamba imezidi kiuno kizima pande zote. Nyumba mpya hazitakaa juu ya msingi ule mrefu, ndiyo sababu yenyewe ya kujengwa. Mtu mzima, fundi, nimeikosa.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mrunda nilikuwa nao mkononi. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa kazi ya saa moja kuzishusha kamba zote na kwenda kusema jamani nilikosea, tutacheka, yaishe. Lakini jioni kulikuwa na mkutano kwa Redio na mimi ndiye nilipangiwa kueleza. Nikawaza watu wakiniangalia kwa jicho lile la zamani, la kumwangalia mbeba ngazi. Nikausimamisha mrunda palepale ulipokuwa, kwa kimo kilekile cha uongo, nikaukaza. Nikajiambia kesho.

Jumatano, 15 Julai

Mkutano wa jana ulikuwa moto. Niliongea, na watu walinyamaza wakanisikiliza. Sijui nieleze vipi hali hiyo kwa mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilieleza vivuli, nikaeleza maji ya mvua yatakavyotelemka kutoka kwenye paa refu namna ile, nikapiga mfano wa jukwaa lililowahi kuangukia kibanda cha kuku, wakacheka mpaka msusi akajipangusa macho. Tukakubaliana kila nyumba iandike pingamizi lake kwa kamati. Redio alisema bila mimi wangejengewa mlima wakiwa wamelala.

Nililala usingizi mzuri. Hilo nalo niliandike.

Ijumaa, 17 Julai

Jua kali. Sikusema.

Jumapili, 19 Julai

Vumbi. Nimesaidia watu watatu kuandika mapingamizi. Sikusema.

Jumatatu, 20 Julai

Shangazi kaniuliza kama nimesikia mtaa unasema nini. Nikasema watu wanaongeaongea tu, ataona watatulia. Kanipa papai niwapelekee nyumbani.

Ijumaa, 24 Julai

Shangazi aliniita nimbadilishie taa ya ukumbini. Nikiwa juu ya stuli akaanza kunigawia nyumba zake tano kama mtu anayegawa sahani. Moja ya chini yake. Moja ya mwanawe, yule dereva wa malori. Mbili atapangisha ili amlipe mjenzi. Akanitazama kutoka chini akitabasamu.

"Ile ya juu, ya nyuma, ni ya mdogo wako."

Taa ilinitoka mkononi. Haikuvunjika, iliangukia kapeti.

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani. Karakana yake iko hapahapa mtaa wa pili, lakini yeye amepanga chumba kimoja nje kabisa ya mji, na watoto watatu. Anaondoka watoto wamelala, anarudi wamelala. Anasema wanawe anawajua zaidi wakiwa wamefumba macho. Na sasa mwenye chumba anamtaka atoke, anataka kumweka mjomba wake.

Shangazi akasema nisimwambie. Anataka amwambie mwenyewe siku kibali kikitoka, aione sura yake.

Nilitoka pale. Furaha kweli nilikuwa nayo, naapa, kichwani nilimwona mdogo wangu anafungua mlango kwa ufunguo wake. Nilipofika getini Redio alikuwa barabarani. "Injinia," akaita, "kamati inakuja tarehe sita, jiandae utuwakilishe." Nikainua mkono. Nikasema niko tayari.

Jumamosi, 25 Julai

Upepo. Vitambaa vinapiga kelele kama vinaniita. Sikusema.

Jumatatu, 27 Julai

Mdogo wangu kapita kunisalimia akitoka kazini. Kaziona kamba. Kasema majirani wana haki ya kuogopa, ni ndefu kweli, mwambieni shangazi apunguze ghorofa. Nikamuuliza watoto hawajambo.

Alhamisi, 30 Julai

Mawingu yalikuja yakaondoka. Sikusema.

Jumamosi, 1 Agosti

Siku hizi barazani kwa Redio kuna watu kila alasiri, kama kwenye mpira. Wanasubiri kivuli kipande kioo. Mimi nina kiti changu. Hakuna anayemsalimia shangazi tena. Mwenye duka la simu alikuwa anamsaidia kutupa taka kila Jumamosi, ameacha.

Basi leo tukiwa pale, mlango wa shangazi ukafunguliwa. Akatoka na mfuko wa taka. Akasimama juu ya ngazi, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akakaa chini. Mwanamke yule, aliyeniogesha nikiwa mtoto, alikaa kwenye kizingiti chake, akauweka mfuko ngazi ya chini yake, akajisogeza kwa makalio. Akausogeza tena mfuko, akajisogeza tena. Goti alilinyoosha mbele kama kitu cha kuazima.

Redio akasema, "Anajizoeza kushuka ghorofa."

Kicheko kikapasuka. Na mimi nilicheka.

Ningeweza kuandika kwamba nilicheka kwa aibu, au kwa kuwa wengine walicheka. Nilicheka vizuri, kwa tumbo. Halafu shangazi akainua kichwa kutokea chini ya ngazi, akaangalia barazani, akaniona. Hakuonyesha kushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Akasimama kwa kujishika kwenye mrunda wangu, akakung'uta gauni, akaenda kutupa taka zake.

Jumapili, 2 Agosti

Nimesema.

Nilikwenda asubuhi nikamkuta ameketi mezani na miwani. Sikuzunguka. Nikamwambia shangazi, kamba zimezidi kiuno kizima, nilipimia kizingiti badala ya barabara. Akavua miwani.

"Umegundua lini?"

"Jumanne ile ya upepo. Siku mrunda ulipoanguka."

"Kabla ya mkutano wenu au baada?"

"Kabla."

Akaifuta miwani, akaifuta tena, mpaka nikatamani anipige. Akaniambia alikuwa anaandika barua kwa kamati, kwamba anaiondoa ramani yake. Kila siku amekuwa akizitazama kamba zile dirishani na kujiona amezeeka vibaya. Alidhani ni tamaa imemwingia. Alisema watu aliokaa nao maisha yake yote hawawezi kumchukia bure, lazima jengo lake ni baya. Kesho asubuhi barua ingeondoka.

Nikaanza kulia. Naandika kwa kuwa ni kweli. Mtu wa miaka hamsini na moja, nalia kwenye kitambaa cha meza.

"Usinililie mimi," akasema. "Mimi nilikuwa nakuona kutokea hapa. Ulikuwa unafurahi. Sijawahi kukuona unafurahi hivyo tangu wanao pacha wazaliwe. Ndiyo maana sikukuita."

Nikamwambia nazishusha sasa hivi. Akakataa. Mtaa wote, alisema, umeona zikiwa juu, basi mtaa wote utaona zikishuka, na kamati ikiwepo, ili kesho asitokee mtu wa kusema shangazi alizishusha kwa hila. "Alhamisi utapanda ngazi mbele yao. Na kinywa chako unakijua kukitumia, nimesikia."

Jumatano, 5 Agosti

Nimemwambia mke wangu. Kasema alijua nina kitu, siku hizi nilikuwa nakula bila kulalamikia chumvi. Kalipiga pasi shati langu.

Alhamisi, 6 Agosti

Ngoja niandike wakati mtaa bado unachemka.

Walikuja saa tisa na nusu, watu wanne na gari moja. Mwenyekiti wa kamati ni mama mfupi aliyevaa viatu vya mpira jua likiwaka, anakanyaga popote. Mtaa mzima ulikuwa nje. Redio amevaa tai. Aliwapeleka uani kwake wakasubiri kivuli, na kilipopanda kioo akasema hana la kuongeza, na kwa kweli hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Akaniita, "Injinia wetu atawaelezea vimo."

Nilikuwa nimeshaiegemeza ngazi. Nilipanda mpaka juu kabisa, maana nikiwa chini miguu ingenikimbiza. Nikasema cheo sina, mimi ni fundi wa majukwaa wa hapahapa, na kamba hizi nilizifunga mimi, na ni za uongo. Nilikosea kwa ujinga mwanzoni, halafu nikajua, na nikaziacha makusudi siku ishirini na tatu kwa sababu nilipenda kuitwa Injinia.

Jamani! Vilisikika vitambaa tu.

Nikaomba mmoja wao ashike ncha ya mpira wa maji. Mwenyekiti akaushika mwenyewe, akachutama pale barabarani na viatu vyake, mimi nikashika ncha nyingine kwenye mrunda, maji yakatulia, nikapiga alama ya chaki. Mchoraji akanisomea vimo kutoka kwenye ramani, safari hii nikamsikiliza. Nikaanza kushusha. Kona ya kwanza, ya pili, nakimbia na ngazi mabegani kama kijana, jasho linaingia machoni. Nilipokaza kona ya mwisho sikugeuka. Nilisikia msusi akisema, "Tazama kioo."

Kivuli kilikuwa kimeondoka kwenye kioo. Kilikuwa kimelala chini ya dirisha, ukutani, sawa na kimo cha sufuria ya maua.

Moyo wangu uliruka mpaka nikaogopa nitaanguka. Watu wakaanza kusema wote pamoja. Mwenye mashine ya kusaga akauliza, sasa sisi tumeandika nini? Redio alibadilika rangi, akasema nimenunuliwa, ni ukoo wangu, nyumba ni ya kwetu. Nikamjibu kwamba ningekuwa nimenunuliwa nisingesubiri mpaka leo. Mwenyekiti akaniuliza nani alinituma nizifunge juu. Nikasema hakuna mtu. Hata Redio hakujua. Aliamini alichokiona, na nilimwonyesha mimi. Hapo Redio akailegeza tai.

Mwenye duka la simu yeye alitoka katikati ya watu. Alikwenda mpaka mlangoni kwa shangazi, akauchukua mfuko wa taka uliokuwa pale, akaondoka nao.

Ijumaa, 14 Agosti

Uamuzi umetoka. Shangazi amepewa kibali. Cha nyumba nne.

Mwenyekiti aliusoma mbele yetu. Alisema kamati imeziona kamba sahihi na imeridhika na kimo. Lakini mapingamizi yaliyoletwa ni mengi, waliofuta ni wachache, wengine wameona haya kufuta, na kamati haiwezi kuyatupa kana kwamba hayakuandikwa. Ili mtaa nao upate kitu, inaondoa nyumba moja, ile inayopakana zaidi na jirani. Ya juu, ya nyuma.

Shangazi atapata mlango wake wa kutembea. Watu walimshika mikono, alicheka, alilia. Kisha akanitafuta kwa macho katikati ya watu, na mimi nikajua, na yeye akajua. Wengine wote walikuwa wanafurahi.

Jumamosi, 15 Agosti

Nilimwambia shangazi hili niachie mimi. Nikaenda karakana kwa mdogo wangu. Alikuwa anashona sare za shule, mashine inalia. Nikamwambia yote toka mwanzo, kizingiti, mrunda, kicheko, nyumba ya juu ya nyuma. Hakusimamisha mashine mpaka mshono ulipoisha.

"Kwa hiyo nilikuwa na nyumba."

"Ndiyo."

"Na sikujua."

"Ndiyo."

"Ukaninyang'anya kabla sijajua." Akakata uzi kwa meno. "Kaka, una kipaji."

Nikasema nimekosa. Akasema hilo ameshalisikia, anasubiri linalofuata. Nilikuwa nimejiandaa kulia tu. Akanitazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, anapima kinaweza kutoa nini.

"Chumba cha pacha wako tangu wahame kikazi kina nini?"

"Vibanio vyangu vya majukwaa. Na makopo ya rangi."

"Vitoe. Mwenye chumba ananitaka nje mwisho wa mwezi."

Akarudi kwenye sare. Nilipofika mlangoni akasema mpaka wanawe watakapokuwa na kwao, nyumbani kwangu ndiko kwao, na nisitegemee kwamba atakuwa mgeni mzuri.

Jumatano, 26 Agosti

Nimehamisha vibanio. Nimepaka rangi chumba mara mbili. Mke wangu yuko upande wao waziwazi, anaimba.

Jumamosi, 29 Agosti

Mvua imeanza, na kila kitu kimeanza pamoja nayo. Mjenzi kaja na watu wake kutoa mabati kwa shangazi kabla udongo haujalowa sana. Na shangazi atakaa wapi wakibomoa? Tulikuwa hatujawaza. Yeye alikuwa ameshawaza. Alikuja na mto wake na redio yake, akaketi kitandani kwetu, akasema godoro linafaa. Mimi na mke wangu tuko sebuleni. Mdogo wangu na watoto waliingia mchana na vitu juu ya mkokoteni, wamelowa chapachapa, wanacheka, cherehani imefunikwa vizuri kuliko watoto.

Redio alikuja mpaka getini na mwavuli. Alitaka kulalamika kelele. Akatazama ndani, akauliza hivi hii nyumba moja ina watu wangapi sasa. Nikamwambia aingie ahesabu. Akaingia, na mpaka ninavyoandika hajatoka, anagombana na shangazi juu ya stesheni ya kusikiliza.

Mdogo wangu hajaniita kaka tangu siku ile. Ananiita mwenye nyumba. "Mwenye nyumba, maji ya moto yameisha." Sina haki ya kudai. Jumatatu asubuhi nitaomba nafasi ya kuoga kwenye bafu langu, nimeambiwa ni baada ya wanaokwenda shule.

Sasa hivi amepita hapa na mtoto wake mdogo begani, anataka kwenda kuanika sare zilizolowa. Amesimama mbele yangu. Ameitoa kalamu mkononi mwangu, akaiweka mezani, akaniwekea mtoto mapajani.

"Mshike huyu."

Kalamu nimeichukua tena, naandika kwa mkono mmoja. Mtoto amelala. Ni mzito kweli, na sithubutu kusogea.